Umeshtakiwa Kuharibu Mali? Usikiri Ili Urudi Nyumbani Mapema

(Haya ni maneno ya mazungumzo na vijana wa Migori na Homa Bay. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili wale hawakufika wasome na wawatumie wenzao.)



Ndugu zangu na dada zangu, asanteni kwa kufika. Najua kuna waliotoka mbali, Kendu Bay, Mbita, Rongo, wengine mpaka Isebania. Sitawachosha. Mada ni moja: umeshikwa, umepelekwa kituoni, unaambiwa umeharibu mali ya mtu ama mali ya serikali. Ufanye nini? Na kabla hujafika huko, ujue nini?

Niseme mapema, mimi si wakili. Ninayosema hapa ni yale kila mwananchi anapaswa kuyajua. Ukishashtakiwa, tafuta wakili. Lakini kati ya saa unayoshikwa na saa unayomwona wakili kuna shimo, na vijana wetu wengi huanguka kwenye hilo shimo.

Kwa nini mada hii, na kwa nini huku kwetu? Mnajua yaliyotokea Homa Bay mwaka 2025. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa nyumbani kwao tarehe 7 Juni, akapitishwa kituo cha Mawego, kisha akasafirishwa hadi Nairobi. Kesho yake akawa amekufa mikononi mwa polisi. Tarehe 3 Julai, siku moja kabla ya mazishi, waombolezaji waliupeleka mwili wake Mawego na kituo kikachomwa moto.

Uchungu ule kila mtu aliuelewa. Lakini sheria haiulizi kama uchungu wako ni wa kweli. Kituo kikichomwa, polisi watatafuta watu. Na katika umati kama ule kuna aliyewasha kiberiti, kuna aliyerusha jiwe, kuna aliyekuja kulia tu, kuna mwenye bodaboda aliyeleta abiria, kuna aliyesimama kando akichukua video. Wote hawa wanaweza kujikuta kwenye gari moja la polisi. Nani atawatenganisha? Ni ushahidi. Na ni wewe mwenyewe, kwa unachosema na usichosema.

Lakini msidhani ni mambo ya maandamano peke yake. Nenda korti ya Migori, Rongo, Kehancha, Oyugis, Ndhiwa ama Mbita siku watu wanasomewa mashtaka. Utasikia kesi za aina hii ambazo hazina siasa hata kidogo. Mtu amekata ua la jirani kwa sababu ya mpaka. Ng'ombe wamekula mahindi. Miwa imefyekwa. Nyavu zimekatwa ufuoni. Mwenye nyumba ameng'oa mlango wa mpangaji, ama mpangaji amevunja kufuli. Ndugu wawili wanagombania kipande cha babu, mmoja anang'oa miti aliyopanda mwingine. Hiyo yote inaweza kuandikwa kwenye hati ya mashtaka kwa jina moja: kuharibu mali kwa nia mbaya.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe nililokuja kusema. Hatari kubwa kwa kijana wa kwetu huja Jumatatu asubuhi, korti haijaanza, na kesi yenyewe bado iko mbali. Umelala selo tangu Ijumaa. Umechoka, unanuka, mama yuko nje analia. Mtu anakuja anakunong'oneza: "Kubali tu. Ukikataa utakaa ndani miezi. Ukikubali hakimu atakupiga faini kidogo uende." Na wewe unataka kwenda nyumbani. Unakubali.

Ndugu yangu, ukikubali hapo umefunga mlango kwa mkono wako. Kwa sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, mtu aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake ama uhalali wake. Faini utalipa leo, lakini alama za vidole vyako zimebaki. Siku unataka cheti cha tabia njema, ile good conduct ya DCI, upate kazi ya ulinzi, ya shule, ama uende Qatar au Saudia, rekodi inatoka. Wazazi wameuza ng'ombe kulipia safari, na wewe umekwama kwa sababu ya dakika mbili za korti ambazo hata hukuelewa ulichokubali.

Kwa hivyo tuelewane tangu sasa: hakuna kukiri ili kutoka haraka. Kama ulifanya kweli, kuna njia yake, nitaifikia. Kama hukufanya, ama hujui kama ulichofanya ni kosa, jibu ni moja: "Si kweli." Kukana mashtaka si kumdharau hakimu wala si kusema uongo. Ni kusema, mliyonishtaki thibitisheni.

Na wathibitishe nini? Fungueni Kanuni ya Adhabu, sura ya 63, kifungu cha 339. Jina la kosa linasema nia mbaya, lakini maneno ya kifungu chenyewe ni kwamba mtu ameharibu mali kwa kusudi na kinyume cha sheria. Adhabu inafika miaka 5. Ukiyafungua hayo maneno unapata maswali manne, na upande wa mashtaka lazima uyajibu yote bila kuacha shaka ya maana. Mtayakariri.

Moja, mali ni ya nani? Mlalamishi aoneshe ni yake ama yuko chini ya uangalizi wake. Mbili, iliharibika kweli? Picha ziko wapi, kilichovunjika kiko wapi, kama ni mazao, afisa wa kilimo aliyekwenda kutathmini yuko wapi? Tatu, ni wewe uliyeharibu? Nne, ulifanya kwa kusudi, na bila haki yoyote ya kisheria? Likikosa kujibiwa hata moja, kesi imeanguka. Mzigo wa kuthibitisha ni wao. Katiba, kipengele cha 50, inasema wewe huna hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa utetezi unatoka kwenye hayo maswali manne. Tuanze na lile la "ni wewe?", kwa sababu ndilo la maandamano.

Kuwepo mahali si kosa. Kipengele cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Polisi akisema "alikuwa kwenye umati," hajasema chochote bado. Aseme alikuona ukifanya nini, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, alikuangalia kwa muda gani, alikujua kabla ama la, na ulivaa nini. Mahakama za Afrika Mashariki zimelisema hili tangu kesi ya Abdalla bin Wendo mwaka 1953: shahidi mmoja wa kukutambua anaweza kutosha, lakini ushahidi wake upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa kama mazingira ya kuona yalikuwa magumu. Moshi, mbio, gesi ya kutoa machozi, usiku: hayo ni mazingira magumu.

Lakini kuna pande mbili, na sitaki kuwadanganya. Kifungu cha 21 kinazungumzia nia ya pamoja. Kama mlipanga pamoja kufanya jambo haramu, na likafanyika kosa ambalo lilitarajiwa kutokana na mpango huo, kila mmoja wenu anaweza kubeba, hata kama jiwe lilirushwa na mwenzako. Na mkiwa kwenye ghasia mkabomoa jengo, kifungu cha 83 kinafika kifungo cha maisha. Kuchoma jengo, kifungu cha 332, vilevile maisha. Kuchoma shamba la mazao, miaka 14. Kwa hivyo ukiona mambo yamebadilika, watu wameokota petroli, ondoka. Usingoje uone mwisho. Usibaki kuchukua video ukidhani simu ni kinga. Ondoka, na mtu aone umeondoka.

Ukiwa hukuwepo kabisa, sema mapema ulikuwa wapi. Sheria haikulazimishi kuthibitisha ulikokuwa, bado ni wao watakaothibitisha ulikuwa pale. Lakini utetezi wa "nilikuwa kazini Awendo" ukitolewa siku ya kwanza una uzito kuliko ukitolewa baada ya mwaka, wakati mashahidi wao wote wameshamaliza. Tafuta risiti ya stesheni ya mafuta, ujumbe wa M-Pesa wenye saa, rejista ya kazini, mtu mliyeswali naye, kamera ya duka. Na fanya haraka, kamera nyingi hurekodi juu ya zile za zamani.

Swali la "kwa kusudi". Ajali si kosa hili. Bodaboda imeteleza kwenye tope ikaingia kwenye kibanda cha mama wa samaki: hasara ipo, utalipa kwa njia ya madai, na pengine kuna kosa la barabarani, lakini hukukusudia kuharibu. Ng'ombe wakivunja ua usiku wewe umelala, vivyo hivyo. Na mtu akivunja mlango kumtoa mtoto ndani ya nyumba inayoungua, hakimu atauliza, huyu alikuwa na sababu halali ama hakuwa nayo? Msimamizi wa kesi akijaribu kuruka hilo swali, lirudishe.

Sasa swali ambalo huku kwetu ndilo kubwa zaidi: "bila haki yoyote." Hapa kuna kifungu ambacho watu wengi hawakijui, kifungu cha 8 cha hiyo Kanuni ya Adhabu. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu hana hatia ya kosa linalohusu mali kama alilifanya akitumia haki aliyoamini kwa moyo safi kuwa anayo, na bila nia ya kulaghai. Angalieni uzito wa hilo. Halisemi lazima haki yako iwe ya kweli mwisho wa siku. Linasema uliamini kwa dhati.

Chukua mfano. Baba alikufa akaacha shamba halijagawanywa. Ami mmoja anajenga ua kupita katikati. Kijana anaamka, anang'oa nguzo, anasema hapa ni kwetu. Ami anapiga ripoti, kijana anashikwa. Hiyo ni kesi ya jinai ama ni mzozo wa ardhi uliovaa nguo za jinai? Kijana akionesha kwamba familia imelima pale miaka yote, kwamba mzee wa kijiji anajua, kwamba walikuwa wamekwenda kwa chifu, kwamba kuna kesi ya mirathi, basi hakimu ana jambo la kupima. Mali ni ya nani? Haijaamuliwa. Kijana aliamini nini? Aliamini ni ya baba yake.

Lakini hii kinga ina mipaka. Imani iwe ya kweli, hakimu ataangalia ulivyotenda. Uling'oa nguzo mchana ukaziweka kando, ama ulikuja usiku ukachoma? Ulijua korti imeshatoa amri ya zuio na bado ukaenda? Amri ikishatoka, usije ukaniambia uliamini. Na hakuna haki ya ardhi duniani inayokuruhusu kuchoma nyumba yenye watu. Kwa hivyo ukiwa na madai ya ardhi, yaweke kwenye karatasi kabla ya kushika panga: barua kwa chifu, malalamiko kwa mzee wa kijiji yaliyoandikwa, kesi ya mirathi, kesi ya mahakama ya mazingira na ardhi. Karatasi hiyo ikikosa kuzuia ugomvi, angalau itakutetea.

Kuna jambo moja vijana hunisomea kutoka kwenye simu, nalo ni hili la kusema "nilivunja kwa sababu ya haki." Wanataja kesi ya Bristol, Uingereza. Ni kweli, Juni 2020 waandamanaji waliangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa, na Januari 2022 wanne walioshtakiwa kuiharibu wakaachiliwa. Lakini kule waliamuliwa na jopo la raia 12. Na mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya kule ikasema haki ya kuandamana haifiki kwenye kuharibu mali kwa kiasi kikubwa. Kwetu hakuna jopo la raia. Ni hakimu, kanuni na ushahidi. Sababu nzuri inaweza kupunguza adhabu, lakini haifuti kosa. Usiende kortini ukitegemea hotuba.

Na mwaka 2025 tuliona jambo jipya: vijana wa maandamano walioshukiwa kuchoma na kuharibu majengo ya serikali wakipelekwa korti ya Kahawa, Nairobi, kwa mashtaka chini ya sheria ya kuzuia ugaidi ya mwaka 2012. Sisi Waislamu hilo neno tunalijua kwa muda mrefu. Ndiyo maana nasema msichukulie kesi ya dirisha la ofisi kwa wepesi. Karatasi unayosomewa leo inaweza kubadilishwa kesho.

Haya, sasa tuingie selo. Umeshikwa. Kumbuka haya, na wafundishe wadogo zako.

La kwanza, uliza unashikwa kwa nini. Kipengele cha 49 kinataka uambiwe mara moja, kwa lugha unayoelewa. Usipigane, usikimbie, usimtukane askari. Kesi ya dirisha isije ikawa kesi ya kumshambulia polisi.

La pili, toa jina lako na unakoishi, basi. Baada ya hapo sema kwa heshima, "Afande, naomba kuongea na wakili kabla ya kuandika chochote." Una haki ya kunyamaza. Usieleze, usijitetee, usimtaje mwenzako. Wengi wamejifunga wakijaribu kujieleza: "Mimi nilirusha jiwe moja tu, halikufika." Umeshakiri ulikuwa pale na ulirusha. Na msitishike mkiambiwa mmeshakiri kituoni. Kukiri kwa polisi hakukubaliki kortini mpaka iwe mbele ya afisa wa cheo kinachotakiwa ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mbele ya mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Karatasi usiyoisoma usiitie sahihi. Usiyoielewa, usiitie sahihi.

La tatu, nambari ya OB. Anayekufuata kituoni, mzazi ama rafiki, aulize jina lako limeandikwa kwenye OB saa ngapi na kwa kosa gani, aandike nambari. Mtu ambaye hayumo kwenye OB ni mtu anayeweza kupotea. Simu yako ikichukuliwa, iandikwe kwenye orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Ukiwa umepigwa, nenda hospitali ukitoka, chukua fomu ya P3, piga picha majeraha, na upeleke malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi.

La nne, saa 24. Ndani ya muda huo ufikishwe kortini. Muda ukiisha siku isiyo ya korti, ni siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana ukishikwa Ijumaa baada ya swala unaweza kukaa mpaka Jumatatu na wasiwe wamevunja sheria. Jua hilo, usikate tamaa Jumamosi usiku ukaandika uongo.

La tano, dhamana. Ni haki yako, labda kuwe na sababu nzito za kukunyima. Polisi wenyewe wanaweza kukupa. Ikiwa ni ya pesa, upewe risiti rasmi, na hiyo pesa hurudishwa kesi ikiisha. Pesa isiyo na risiti ni hongo, haijalishi imeitwa jina gani. Kortini, kama masharti ni makubwa kuliko uwezo wenu, mwambieni hakimu, ama ombeni High Court ya Migori ama ya Homa Bay iyapunguze. Jamii ijipange mapema: nani ana hati ya shamba, nani ana kitabu cha gari, nani ana payslip, nani yuko tayari kusimama mdhamini. Usisubiri kijana awe rumande ndipo mchango uanze.

Na mtoto wa chini ya miaka 18 asiwekwe na watu wazima. Beba cheti chake cha kuzaliwa siku hiyohiyo.

Sasa uko kizimbani. Karani anasoma mashtaka. Kama hujaelewa Kiswahili cha korti ama Kiingereza, sema. Mkalimani ni bure, awe wa Dholuo, wa Kikuria ama wa Kisomali. Kuna kesi ya mwaka 1973, Adan dhidi ya Jamhuri, ambayo kila hakimu Kenya anaijua. Mahakama ya Rufaa ilipanga hatua za kupokea kukiri: usomewe kosa na kila sehemu yake kwa lugha unayoelewa, maneno yako mwenyewe yaandikwe, kisha upande wa mashtaka usome maelezo ya yaliyotokea, na upewe nafasi ya kuyakubali ama kuyapinga. Ukisema jambo linaloonesha hukubali, hakimu aandike kwamba umekana. Kwa hivyo hata kama umeteleza mwanzoni ukasema "ni kweli," na maelezo yakasomwa ukasikia uongo ndani yake, inua mkono: "Mheshimiwa, hapo si kweli." Bado hujachelewa. Hata baadaye unaweza kuomba kubadilisha jibu kabla ya hukumu.

Ukikana, omba nakala za ushahidi: hati ya mashtaka, maandishi ya mashahidi, picha, video. Katiba inataka uoneshwe mapema ushahidi watakaoutumia. Soma kila ukurasa ukiwa na wakili, ama msaidizi wa kisheria. Wapi saa hazilingani? Wapi shahidi mmoja anasema dirisha, mwingine mlango? Aliyechukua video ni nani, na cheti cha kuithibitisha kipo? Usifute chochote kwenye simu yako, na usiandike kuhusu kesi mtandaoni. Utani wako wa Tiktok ndio utakaosomwa kortini.

Pesa za wakili hamna? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imeunda huduma ya kitaifa ya msaada huo kwa wasio na uwezo. Na hata mwambie hakimu wazi kwamba huna wakili na haki inaweza kupotea. Alivyokujibu ataandika, na maandishi hayo yana kazi siku ya rufaa.

Kisha hudhuria. Kila tarehe, hata ya kutajwa tu. Ukikosa, hati ya kukukamata inatoka na mdhamini wako anaumia. Mlalamishi akikosa kufika bila sababu na wewe upo, hakimu anaweza kukuachilia. Wewe ukikosa, huo mlango hautumiki. Mashahidi wao wakimaliza, hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Ukiwa nayo, una njia tatu: utoe ushahidi kwa kiapo na uulizwe maswali, useme bila kiapo, ama unyamaze. Chagua na wakili, usichague kwa hasira.

Niliahidi kuwarudia wale waliofanya kweli. Nanyi mna haki zote nilizotaja. Lakini hatukuja hapa kufundisha uongo. Mali ya mtu ni haki ya mja, na haki ya mja haifutwi kwa kushinda kesi. Na sheria yenyewe imeacha njia. Kesi kama hii, ikiwa ni ya watu binafsi na si ya moto wala ghasia, inaweza kupatanishwa. Kifungu cha 176 cha mwenendo wa kesi za jinai kinaruhusu korti kuhimiza maelewano, na Katiba kipengele cha 159 inaunga mkono njia za upatanisho. Kaeni na mlalamishi, wazee wakiwepo, mkubaliane fidia, iandikwe, ilipwe kwa ushahidi. Kisha mlalamishi aende kortini.

Hapa fungueni masikio. Kesi ikiondolewa kwa kifungu cha 204, kwa mlalamishi kuondoa malalamiko na hakimu kuridhika, unaachiliwa na imekwisha. Ikiondolewa kwa kifungu cha 87(a), na upande wa mashtaka, unaachiliwa leo lakini wanaweza kukushtaki tena kesho. Umelipa fidia yote halafu ukaondoka na 87(a) bila kujua? Uliza hakimu, "Mheshimiwa, imeondolewa kwa kifungu gani?" Ni swali la sekunde tano.

Na mkilipa, msilipe kwa afisa, msilipe kwa mtu aliyesema anamjua afisa. Lipeni mwenye mali.

Ndugu zangu, nimalize. Mkirudi nyumbani kila kikundi kichague watu wawili wanaojua njia ya kituo na ya korti, waweke nambari za wakili na za wadhamini kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, kwa sababu simu itachukuliwa. Wazazi waambiwe: mtoto akishikwa, kazi ya kwanza ni OB, ya pili ni wakili, na kulia kutafuata. Na ukimkuta kijana yeyote kwenye foleni ya Jumatatu asubuhi, awe Mwislamu ama asiwe, Mjaluo, Mkuria, Msomali, ananong'onezewa akubali aende nyumbani, msogelee umuulize: umesoma hiyo hati? Unajua ukikubali huwezi kurudi?

Tuwe watu wasiovunja mali ya mtu. Na tuwe watu wasiobeba kosa la mtu. Allah atuhifadhi na dhuluma, ya kutendwa na ya kutenda.

Wabillahi tawfiq. Sasa maswali, anza wewe uliyeinua mkono huko nyuma.